Skana za Redio: Kutoka Analojia Hadi Dijitali

Skana ni redio ya kupokea tu, isiyoweza kutuma, ambayo hupekua masafa mengi kwa zamu na kusimama pale inapokuta mtu anazungumza. Mazungumzo yakikoma, huendelea na upekuzi wake. Nchini Marekani watu wengi wamekitumia chombo hiki kwa kujiburudisha tangu miaka ya 1970, wakisikiliza wazimamoto, magari ya wagonjwa, polisi, reli na viwanja vya ndege. Katika skana za mwanzo kila chaneli ilihitaji kipande chake cha fuwele. Baadaye zikaja zile ambazo masafa huingizwa kwa kubonyeza vitufe.

Katika miongo ya karibuni wengi wa wasikilizaji hao wamejikuta na chombo kizima, kisicho na hitilafu yoyote, ambacho kwenye chaneli walizozizoea hakitoi tena ila mngurumo. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo, pamoja na kile ambacho msikilizaji hupata na kile ambacho hupoteza anapohama.

Sauti juu ya wimbi

Katika redio ya analojia ya FM, sauti ya msemaji hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo huyasogeza masafa ya wimbi la redio juu na chini kwa kadiri ile ile. Wimbi huwa ni mfano wa sauti yenyewe. Ndiyo maana mpokeaji yeyote wa FM aliyepo kwenye masafa hayo aweza kuirudisha sauti bila kujua lolote kuhusu mtambo uliotuma. Wimbi likidhoofika, mngurumo huongezeka kidogo kidogo, lakini sikio la binadamu ni hodari: huokota maneno hata katikati ya kelele nyingi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba hula nafasi kubwa ya masafa, na masafa, kama ardhi ya mjini, hayaongezeki. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwataka watumiaji wengi wa masafa yaliyo chini ya megahezi 512 wapunguze upana wa chaneli zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5 kufikia tarehe 1 Januari 2013. Agizo hilo halikumlazimisha mtu kuingia katika dijitali, kwa maana analojia nyembamba iliruhusiwa. Lakini idara nyingi zilizokuwa zikibadili mitambo zilichagua kuhama moja kwa moja.

Sauti inapokuwa tarakimu

Mpango uliotumika zaidi katika huduma za usalama wa umma huko Marekani huitwa Project 25. Ulianzishwa mwaka 1989, na chama cha maofisa wa mawasiliano kiitwacho APCO kikiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Utendaji wake waweza kufuatwa kwa hesabu nyepesi.

Sauti ya simu ya kawaida ya dijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Jumla ni biti 64,000 kwa sekunde. Kiasi hicho hakiingii katika chaneli nyembamba. Kwa hiyo hutumika kisimba sauti, yaani vokoda, ambacho hakitumi wimbi la sauti bali maelezo yake: sauti ni nene au nyembamba kiasi gani, nguvu yake imekaa wapi. Kila sekunde huelezwa kwa biti 4,400 tu, pungufu kwa zaidi ya mara kumi na nne. Huongezwa biti 2,800 za kusahihisha makosa na 2,400 za kuendesha mtambo, nazo zote hufikia 9,600.

Biti hizo hutumwa mbili mbili. Kwa kuwa biti mbili zina mipangilio minne (00, 01, 10 na 11), masafa ya wimbi husogezwa kwenye nafasi moja kati ya nne, mara 4,800 kwa sekunde. Skana ya zamani hupokea misogeo hiyo vizuri kabisa, ila huidhania kuwa sauti, ikatoa mngurumo. Kilichokosekana si antena wala nguvu, kimekosekana king'amuzi.

Ukingo wa dijitali

Aliyehamia dijitali hufurahia kwanza usafi wa sauti. Kisha hukutana na tabia ngeni. Maadamu makosa ni machache, biti za kusahihisha huyafuta yote. Yakizidi kiwango, sauti hukatika au huwa kama ya chini ya maji, na punde hutoweka. Watanzania waliiona tabia hii baada ya mitambo ya televisheni ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Picha hafifu ya zamani ilijaa chembe chembe lakini ilionekana. Picha ya king'amuzi ama ni safi, ama huganda, ama haipo.

Liko tatizo jingine ambalo huwashangaza wengi: mtu aweza kukaa karibu na minara mitatu yenye nguvu asisikie neno. Katika miji mikubwa minara kadhaa hutuma ujumbe mmoja, kwa masafa yale yale, wakati ule ule. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Mnara mmoja ukiwa mbali kuliko mwingine kwa kilometa 15, wimbi lake huchelewa kwa mikrosekunde 50. Kila alama hudumu takribani mikrosekunde 208 tu, hivyo alama ya pili huanza kuingia kabla ya ya kwanza kwisha. Antena inayoelekea mnara mmoja husaidia kuliko antena kubwa inayopokea pande zote.

Foleni moja, madirisha mengi

Mifumo mingi hiyo haimpi mtu chaneli ya kudumu. Ni kama benki yenye foleni moja na madirisha matano: mteja huenda dirisha lolote lililo wazi. Chaneli moja ya uongozi hutangaza bila kukoma kwamba kundi fulani sasa limepewa masafa fulani. Skana isiyoisoma chaneli hiyo husikia vipande vya mazungumzo yasiyofuatana. Mpangilio huu ulikuwapo hata katika analojia, na skana za kuufuata zilipatikana tangu miaka ya 1990.

Kufuli

Ni lazima kutofautisha kusimba na kuficha. Project 25 ni kanuni zilizochapishwa, na skana ya dijitali huzifuata kihalali. Lakini mtumaji akiongeza ufunguo wa siri wa biti 256, idadi ya funguo zinazowezekana ni namba ya tarakimu 78. Hakuna skana ya kununuliwa itakayoufungua. Analojia nayo ingeweza kufichwa, lakini kwa gharama ya ubora wa sauti. Katika dijitali kuficha ni kazi nyepesi, na hapa ndipo penye hasara halisi. Polisi wa New York walianza kuficha mawasiliano yao mwaka 2023. Wanaounga mkono husema kwamba wahalifu nao husikiliza, na kwamba majina na siri za wagonjwa hutajwa hewani. Waandishi wa habari hujibu kwamba kwa miongo mingi skana iliwaonyesha wananchi jinsi idara zao zinavyotenda. Hoja zote mbili zina uzito, na fizikia haiwezi kuamua kati yake.

Kwa darasa letu

Skana ya zamani haifai kutupwa: marubani bado huzungumza kwa AM ya analojia kati ya megahezi 118 na 137. Hata hivyo, sheria za usikilizaji hutofautiana baina ya nchi na nchi, na Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2006 hukataza kusikiliza ujumbe usiomhusu msikilizaji. Mwalimu na aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake kabla ya kujaribu.

Jaribio lisilo na mashaka ni la redio za matangazo za FM. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa kupokea televisheni, chaweza kugeuzwa kuwa redio ambayo kazi yake karibu yote hufanywa na programu. Kwa kifaa hicho wanafunzi wataona kwenye kioo wimbi la kituo wanachokijua likipanuka mtangazaji anapopaza sauti. Kabla ya kukinunua, na wakokotoe hili: ikiwa alama 4,800 hutumwa kwa sekunde, na kila moja ingebeba biti tatu badala ya mbili, nafasi za masafa zingehitajika ngapi, na kwa nini makosa yangeongezeka?