Umri wa Rubani na Usalama wa Abiria

Mwaka 1959 serikali ya Marekani ilitoa amri kwamba rubani wa shirika la ndege akitimiza miaka 60 hana budi kustaafu. Amri hiyo ilidumu karibu nusu karne. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipandisha kikomo hadi miaka 65, na Marekani ikafuata Desemba 2007. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo lilipitisha pendekezo la miaka 67, lakini sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ikabakiza 65.

Wanaotaka kikomo kipandishwe husema ujuzi haununuliwi sokoni. Kapteni Chesley Sullenberger alikuwa na miaka 57 alipotua juu ya mto Hudson Januari 2009, na watu wote 155 wakaokoka. Wapinzani nao hujibu kwamba moyo na ubongo haviheshimu cheo, na kwamba vijana wangojea kiti cha ukapteni.

Kwa maoni yetu, tarakimu pekee si mlinzi wa abiria. Mlinzi wa kweli ni daktari anayempima rubani aliyevuka miaka 60 kila miezi sita bila kumwonea haya, pamoja na rubani wa pili aliye tayari kushika usukani. Sisi askari twajua kuwa kustaafu si fedheha. Basi umri ukiongezwa, vipimo navyo vikazwe. Na mzee atakayeshindwa ateremke kwa heshima, akawafundishe vijana. Utu uzima dawa.