Jani Huoza, Sashe Haiozi

Mama akirudi kutoka soko la Bunia, hubeba nini mkononi? Mara nyingi hubeba sashe. Sashe ni nyepesi, tena haipitishi maji. Lakini hutumika saa moja tu, kisha hutupwa. Mvua ikinyesha huichukua mpaka mferejini. Sashe nyingi zikikutana huziba njia, na maji huingia nyumbani mwa watu. Mbuzi akila sashe huweza kufa, kwa maana haisagiki tumboni.

Wazee wetu walifunga nyama na samaki kwa majani mapana. Hata leo chikwange hufungwa kwa majani ya porini. Wambuti wa pori la Ituri huezeka vibanda vyao kwa majani yaitwayo mongongo. Jani likitupwa huoza, likawa mbolea.

Kwa nini sashe haiozi? Jani ni chakula cha vijidudu vya udongoni. Lakini sashe hutengenezwa kwa mafuta au gesi ichimbwayo chini ya ardhi. Vijidudu hivyo haviwezi kuila.

Siku hizi wenye elimu hutengeneza plastiki kwa mimea. Hutwaa wanga wa mahindi au wa mihogo, yaani ule weupe unaotuama chini maji yakitulia. Huugeuza kuwa sukari. Kisha vijidudu huigeuza sukari kuwa asidi, kama maziwa yanavyochachuka. Asidi hiyo huunganishwa, ikawa plastiki.

Lakini angalieni! Plastiki hiyo nayo haiozi upesi kila mahali. Hutaka lundo la mbolea lenye joto kali, kama digrii 60. Ikitupwa mferejini, itaziba kama zile nyingine.

Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Serikali ya Kongo ilitoa amri yake tarehe 30 Desemba 2017. Hata hivyo sashe zingali sokoni, kwa sababu amri peke yake haizibui mfereji. Kinachozibua ni mikono ya watu.

Basi, mtoto, ukitumwa sokoni chukua kikapu. Ukipewa kitu ndani ya jani, usione haya. Jani hilo halitamwua mbuzi wa jirani.

Maulizo
1. Sashe huleta hasara gani?
2. Plastiki ya mimea hutengenezwaje?
3. Kwa nini nayo isitupwe ovyo?