Fahamu: Kuongeza kasi ya prosesa ya simu
Prosesa ya simu hupangiwa kikomo cha kasi kiwandani. Kukivuka kunahitaji simu iliyorutiwa (iliyofunguliwa haki zote za mfumo) na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliyorekebishwa. Motorola Droid ya 2009, iliyouzwa ikiwa na megahezi 550, ilifikishwa gigahezi 1. Kasi ikizidi, volteji nayo hupandishwa, na hapo ndipo joto linapoanza kusumbua. Kwenye joto la bonde la Ruaha, wilayani Kilosa, simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya lori huwa imeshachemka hata kabla ya kasi yake kuguswa. Kasi hupandishwa kidogo kidogo, kila hatua ikijaribiwa kwa gemu au video nzito. Simu ikiganda au kujizima, kasi hurudishwa nyuma. Mpangilio wa kasi hiyo kuanza yenyewe simu inapowashwa huwekwa mwisho kabisa, la sivyo simu inaweza kukwama kwenye nembo.