DAKIKA ZA KUPASHA INJINI NI KAZI, SI UVIVU



Katika mashamba ya chai ya nyanda za juu, kama vile Kericho na Limuru nchini Kenya, Mufindi nchini Tanzania, Teza na Rwegura nchini Burundi, kazi huanza jua halijachomoza. Malori hubeba majani mabichi ambayo lazima yafike kiwandani siku ile ile, kabla hayajaharibika. Lori likikataa kuwaka alfajiri, kazi husimama na macho yote humgeukia dereva. Nyapara hupiga kelele: "Washa, twende!" Dereva, kwa kuogopa kuandikiwa barua, hukanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikiharibika, ni yeye anayeambiwa alipe.

Kwa hiyo ni vizuri kila dereva, utingo na fundi aelewe jambo hili, na kila mjumbe wa tawi aweze kulieleza mbele ya mwajiri.

KWA NINI DIZELI HUSUMBUA PENYE BARIDI

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hivi ndivyo alivyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilionyeshwa huko Augsburg mwaka 1897. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja tu kati ya 16 au 20 ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa ikibanwa hivyo hupata moto wa zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikirushwa humo huwaka yenyewe.

Asubuhi ya baridi mambo matatu huipinga kazi hiyo. Kwanza, chuma baridi cha silinda hunyonya joto la hewa, na dizeli haiwaki yote. Ndiyo sababu huonekana moshi mweupe: huo ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Pili, oili huwa nzito, na injini huwa ngumu kuzungushwa. Tatu, betri hupungukiwa nguvu. Baridi ikikaribia ya kugandisha maji, betri hupoteza kiasi cha theluthi moja ya nguvu zake. Basi injini hutaka nguvu nyingi saa ile ile ambayo betri ina nguvu kidogo.

Huko milimani kuna tatizo la nne. Hewa ni nyepesi. Kwenye kimo cha mita 2,500 kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani, na silinda hupata hewa kidogo ya kubana.

NJIA ILIYO SAWA

Kazi huanza jioni. Tangi lijazwe, kwa kuwa tangi tupu hukusanya maji usiku kutokana na unyevu wa hewa. Maji yaliyokaa chini ya chujio la dizeli yamwagwe. Nyaya za betri zikazwe na kusafishwa kutu. Oili iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Kwa mfano, ile iliyoandikwa 15W-40 huwa nyepesi zaidi asubuhi kuliko ile iliyoandikwa 40 peke yake, na hubaki na uzito wa kutosha injini ikishapata moto.

Asubuhi, breki ya mkono iwe imefungwa na gia iwe frii. Kama gari lina taa ya kupasha, ngoja izimike ndipo uzungushe stata. Usishikilie stata zaidi ya sekunde 30. Isipowaka, pumzisha dakika 2, kisha jaribu tena. Stata inayoshikiliwa bila kupumzishwa huungua, na betri humalizika.

Injini ikishika, usiivurumishe. Oili bado haijafika kwenye beringi zote, na chuma kinasugua chuma. Tazama geji ya oili: isipopanda kwa sekunde 15, zima injini umwite fundi. Ikipanda, iache inguruma polepole kwa dakika 3 hadi 5. Wakati huo kagua magurudumu na taa, na ngoja mshale wa upepo wa breki uvuke alama ya hatari. Kisha ondoka polepole, bila kulazimisha injini, mpaka geji ya joto ipande.

Tuseme pia upande wa pili. Kuiacha injini ingurume nusu saa si kuipasha. Injini isiyo na mzigo huchelewa kupata moto, na dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo hatuombi nusu saa ya kunguruma. Tunaomba dakika zile ambazo chuma chenyewe kinazihitaji.

MAMBO YA KUKATAA

Kuwasha moto chini ya injini. Oili na dizeli huvuja, mipira huyeyuka, na lori huweza kuteketea pamoja na banda na watu.

Kupuliza etha au kuweka kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa. Gari lenye plagi za kupasha huweza kulipuka, na pistoni huweza kuvunjika.

Kuliachia lori literemke mlima ili lishike. Lori la breki za upepo lisilojaa upepo halina breki za kutegemea. Wasukumaji na waliosimama mbele ndio huumia.

Kuwasha malori ndani ya banda lililofungwa. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Mwaka 1988 lilikuwa limesema kwamba huenda ukaileta. Milango ifunguliwe, au malori yatolewe nje, kabla mafundi hawajaanza kazi.

HOJA YA CHAMA

Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unahusu saa za kazi za madereva wa barabarani. Unasema kwamba saa za kazi si za kuendesha tu. Kazi ndogondogo zinazohusu gari, abiria au mzigo wake nazo zinahesabiwa. Kupasha injini ni kazi ya namna hiyo. Hata pale ambapo serikali haijauridhia mkataba huo, ni hoja nzuri ya kuweka mezani.

Matawi yadai mambo matatu. Kwanza, kama malori yanatakiwa kutoka saa 12 asubuhi, dereva na utingo waandikiwe saa zao tangu saa 11 na nusu, wapate wakati wa kukagua maji, oili, magurudumu na breki, na wa kupasha injini. Pili, utaratibu wa kuwasha, kama ulivyo katika kitabu cha gari, uandikwe kwa lugha ya wafanyakazi na ubandikwe karakana. Tatu, kuwe na daftari la kasoro, ambamo dereva huandika na fundi hutia sahihi. Dereva aliyeandika mara tatu kwamba betri imechoka, na betri haikubadilishwa, hawezi kukatwa mshahara kwa stata iliyoungua.

Ndugu dereva, usitegemee maneno ya mdomo. Andika kasoro leo jioni, weka tarehe, na mwombe fundi atie sahihi kabla hujakwenda nyumbani.