Usiuze Radio ya Mzee kwa Bei ya Mawe

Na mwalimu wa kujitolea, Nakivale

Mwezi huu tuongee juu ya kitu ambacho wazee wetu wengi walikuwa nacho nyumbani: radio ya masafa mafupi. Ni ile iliyoandikwa SW, yenye antena ndefu, inayokoroma kidogo kabla ya kukamata kituo. Wengine waliikimbia nayo. Waliacha mbuzi, waliacha sufuria, lakini radio ilikuja ndani ya kitenge.

Watoto wa darasa langu hawaijui vizuri. Kwao radio ni FM ndani ya simu. Nilipowaambia kuko watu Marekani, Ujerumani na Japani wanaotafuta radio hizo za zamani na kuzilipia pesa nyingi, darasa lote lilicheka. Mmoja akauliza: "Mwalimu, sasa wanataka kuzifanyia nini?"

Swali lake ni zuri, na wazazi pia wanapaswa kujua jibu. Maana wanunuzi wa vyuma na vitu vibovu wanapita nyumba kwa nyumba. Mama akiambiwa "hii haina kazi tena", anaitoa kwa bei ya mawe mawili ya radio. Pengine kweli haina kazi. Lakini pengine ni moja kati ya zile chache zenye bei. Tujue kwanza, ndipo tuamue.

KWA NINI ZINATAFUTWA

Tuanze na jinsi radio hizi zinavyofanya kazi. FM inaenda kama mwanga wa tochi: mlima ukisimama mbele, basi imekwisha. Masafa mafupi hayako hivyo. Yanapanda juu, yanagonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, yanarudi chini mbali sana, tena yanaweza kupanda mara ya pili. Ndiyo maana mtu wa Uvira au Masisi aliweza kusikia London bila mnara wowote karibu.

Kwa njia hiyo Kiswahili kilisafiri dunia nzima. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango. Jina lenyewe maana yake ni kitu kinachounganisha familia. Wakimbizi waliotawanyika walitafutana kupitia radio ndogo za mkononi. Wazazi wengine wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka hayo bila kuambiwa.

Lakini vituo vikubwa vimeendelea kupunguza masafa mafupi. BBC iliyafunga kwa Amerika ya Kaskazini mwaka 2001. Radio ya Uholanzi na ile ya kimataifa ya Canada ziliyaacha mwaka 2012, Australia mwaka 2017. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha matangazo ya Sauti ya Amerika, na wasikilizaji wetu wa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi walikuta kimya mahali walipozoea kusikia sauti.

Viwanda navyo viliona hivyo hivyo. Wasikilizaji wakipungua, nani atatengeneza radio ya bei ghali? Grundig ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2003. Sony ya Japani, iliyokuwa mwalimu wa wengine wote, iliacha kutengeneza radio zake bora za masafa mafupi moja baada ya nyingine. Leo zinazotengenezwa nyingi zinatoka China, kama Tecsun, na si mbaya.

Sasa fikiria hesabu ya sokoni. Kiwanda kimefunga, hakuna mpya inayokuja. Zilizopo zinaanguka, zinanyeshewa, zinaharibika. Na waliozitamani walipokuwa vijana, enzi ya vita baridi, wakakosa pesa, leo ni wazee wenye pesa. Kitu kinapungua, wanaokitaka wapo: bei lazima ipande.

Kuko pia sababu ya vita. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, BBC ilirudisha masafa mafupi kwa ajili ya nchi hiyo, saa nne kwa siku. Vita vya Sudan vilipoanza mwaka 2023, BBC ilifungua tena matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa njia hiyo. Intaneti inakatwa, mnara wa simu unaangushwa, lakini sauti inayotoka nchi ya mbali inapita. Watu wengi wa Ulaya ambao hawakuwa wamegusa radio miaka mingi walianza kuuliza bei. Sisi hilo tulilijua zamani.

ZIPI ZENYE BEI

Siyo kila radio kuukuu ni mali. Watunzaji wanatafuta jina na namba. Namba hiyo huandikwa mbele, nyuma, au ndani ya mlango wa mawe. Nitataja chache tu.

Sony ICF-2010, ambayo nje ya Amerika iliitwa ICF-2001D. Ilitoka mwaka 1985 na iliendelea kutengenezwa hadi mwanzo wa miaka ya 2000. Iko na vitufe vingi kama kikokotoo. Ilipendwa kwa sababu ilishika kituo hata wimbi likidhoofika na kurudi.

Sony ICF-SW7600GR, ya mwaka 2001, ndogo, inaingia mkoba wa mwanafunzi. Ilipokuwa bado dukani Marekani, bei yake ilikuwa chini ya dola 200. Leo iliyotumika, ikiwa safi na inafanya kazi, wauzaji wanaiulizia zaidi ya dola 200. Kwa pesa ya hapa hiyo inapita laki saba. Iliyotumika inashinda mpya! Hapo ndipo watoto waliacha kucheka.

Panasonic RF-2200 ya miaka ya 1970, yenye kijiti juu kinachozungushwa kutafuta kituo. Na zile Grundig kubwa zilizoandikwa Satellit.

AFRIKA NAYO IMO

Msifikiri ni mambo ya Wazungu na Wajapani tu. Miaka ya 1970 Afrika Kusini ilitengeneza radio iitwayo Barlow Wadley XCR-30. Ndani yake kulikuwa na ubunifu wa injinia wa nchi hiyo, Trevor Wadley, uliowezesha radio ya mkononi kukaa sawasawa juu ya kituo kabla ya enzi ya namba za dijitali. Leo watunzaji wa nchi nyingi wanaitafuta.

Na jirani zetu wa Zambia wana hadithi nzuri zaidi. Mwaka 1949, nchi ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini, afisa mmoja wa habari wa Lusaka, Harry Franklin, alitaka radio ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kununua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilikubali kuitengeneza. Umbo lake lilitokana na sufuria ya alumini isiyo na mkono! Watu waliiita Saucepan Special, yaani radio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Ilitumia betri, ilikuwa ya masafa mafupi, na ilifika vijijini ambako hakukuwa na umeme. Leo iliyobaki ni kitu cha kutunzwa kama kumbukumbu ya taifa. Kilichotengenezwa kwa ajili ya maskini kimegeuka hazina.

TUAMBIANE UKWELI

Methali inasema ya kale ni dhahabu. Lakini si yote, wapendwa. Radio nyingi tulizonazo hapa ni za plastiki, za jina lisilojulikana, zilizotengenezwa kwa mamilioni. Hakuna mtunzaji wa Tokyo atakayezililia. Hata huko nje, radio nyingi kubwa za mbao za miaka ya 1950 hazipati mteja. Ni nzito, zilitengenezwa nyingi, na wazee waliozipenda wanafariki, watoto wao wanazitoa zote kwa mara moja. Umri peke yake hauleti bei. Bei inaletwa na jina, uchache, hali yake, na kama inafanya kazi.

Na kuko uwongo ambao lazima niuseme wazi. Labda mmesikia kwamba radio za zamani zina "zebaki nyekundu" ndani, na kwamba kidogo tu kinauzwa mamilioni. Uwongo! Kitu hicho hakipo. Mwaka 2009 huko Saudia uvumi huo huo ulizuka juu ya cherehani za Singer. Watu walizigombania, nyingine zikatajwa hadi riyali 200,000. Ulikuwa utapeli mtupu. Mtu akija na simu au sumaku "kupima zebaki" ndani ya radio yako, anakupima wewe. Akikuomba pesa ya kusajili, ya usafiri, au ya kodi kabla hajanunua, mwambie kwaheri.

Tena msiruhusu watoto wavunje taa za kioo za radio za zamani wakitafuta mali. Watakatwa na vioo, na radio itakuwa imeharibika bure.

KABLA YA KUUZA

Kama jina na namba vinafanana na nilizotaja, fanya hivi.

Kwanza, toa mawe yote ndani. Mawe yaliyozeeka yanavuja maji makali yanayokula chuma, na radio nyingi nzuri zimekufa hivyo.

Pili, ipanguse kwa kitambaa kikavu. Usipake rangi, usibandike, usibadilishe vitufe. Mtunzaji anataka ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo. Kama kuko karatasi au sanduku lake, tunza, maana navyo vinaongeza bei.

Tatu, usimpe fundi aifungue ovyo. Fundi mzuri ni baraka, ila mwambie kila kipande anachotoa akurudishie.

Nne, wakati wa radi chomoa waya wa antena uliofungwa juu ya nyumba. Umeme wa angani unaua sehemu ya kwanza ya kupokelea. Hata ule umeme mdogo wa mkononi umeua Sony ICF-2010 nyingi.

Tano, uliza bei sawasawa. Kama una ndugu aliyehamishiwa Marekani, Canada au Australia, mtumie picha ya mbele, nyuma na ya namba. Mwambie aangalie radio kama hiyo ILIUZWA kwa bei gani, siyo mwenye kuuza ANAOMBA bei gani. Kuomba ni bure, hata mimi naweza kuomba milioni. Kisha mtoe gharama ya kutuma na ushuru. Kinachobaki ndicho chenu, na mara nyingi ni kidogo kuliko ndoto.

Sita, msikilizane ndani ya nyumba. Radio ya mzee si ya mtu mmoja. Nimesikia baba akilalamika kwamba mtoto aliuza radio ya marehemu babu kwa pesa ya kuweka simu chaji. Haikuwa na bei sokoni. Lakini ilikuwa kitu pekee cha babu kilichovuka mpaka. Hasira yake haikuwa ya pesa.

THAMANI MBILI

Hapo ndipo ninataka tusimame. Kitu kinaweza kuwa na thamani mbili. Moja iko sokoni, inapanda na kushuka kama bei ya mahindi. Nyingine iko nyumbani. Mtunzaji wa mbali anaweka radio juu ya kabati, anaipangusa, anawasikilizisha wageni wake. Sisi tunaitegemea kujua kama barabara ya kijiji chetu imefunguliwa, kama vita vimesogea, kama ni wakati wa kurudi au bado.

Kwa hiyo, kama radio yenu bado inakamata, na ndiyo peke yake nyumbani, usiwe mwepesi kuiuza hata ukitajiwa pesa nzuri. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na kama imekaa kimya miaka mitano chini ya kitanda, na ada ya mtoto inadaiwa, kuiuza si dhambi. Ila iuze ukijua ni nini unauza, na familia ikiwa imekubali.

Wazazi ambao hawawezi kusoma maandishi ya radio zao, mpeni mtoto anakili jina na namba kwenye karatasi, alete shuleni siku ya Ijumaa. Tutasoma pamoja darasani, itakuwa somo letu la namba na la jiografia. Lakini radio yenyewe ibaki nyumbani, tafadhali. Njiani kuna mvua, na kuna wenye mikono mirefu.

Amani iwe katika kila nyumba.