Mfanyakazi Avunjaye Mgomo wa Wenziwe



Vijana wetu wengi wa hapa Mwenge, na wa Kinondoni na Temeke kwa jumla, hupata riziki zao katika viwanda, bandarini, maofisini na mashuleni. Wengi wao ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi, na kila mwezi hukatwa ada katika mishahara yao, ijapokuwa si wote wajuao walijifunga kwa jambo gani siku ile walipotia saini. Kwa hiyo yafaa tulitazame swali moja ambalo vijana huliuliza barazani, na mara nyingi hujibiwa kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu. Chama kikitangaza mgomo, na mwanachama akawapita wenziwe mlangoni akaingia kazini, ni nini kitakachompata?

Kwanza tuelewe kwa nini jambo hili huwachoma watu sana. Mgomo hauna silaha ila mikono iliyokunjwa. Kuli mmoja akikaa nyumbani, tajiri humwita mwingine; makuli wote wakikaa, meli hulala gatini na tajiri hana budi kuja barazani kuzungumza. Aingiaye kazini siku hiyo humwonyesha tajiri ya kwamba akisubiri kidogo wengine nao watafuata. Ndipo wagomaji wa nchi nyingi huweka watu wao mlangoni mwa kazi, wengine kwa kuwasihi wenzao wasiingie, na wengine, kwa bahati mbaya, kwa kuwatisha.

Pwani yetu imeyaona mambo haya. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma kuanzia tarehe 13 hata tarehe 24. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakaunda chama chao, na kiongozi wao Chege Kibachia akaja kukamatwa na kuhamishwa mbali mwaka ule ule. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukaenea kwa watu wa reli na miji ya bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Katika migomo hiyo watu walishikamana, na makuli wa Dar es Salaam walipata nyongeza ya mshahara na wakaanzisha chama chao. Abdulwahid Sykes alikuwa miongoni mwa waliokitumikia kama katibu.

Lakini Februari 1950 mambo yaligeuka. Makuli wa Dar es Salaam waligoma tena, wakiupinga utaratibu mpya wa kuwaandikisha na kuwaita vibarua. Safari hii walipatikana watu wa kuingia kazini. Wagomaji wakawashambulia, polisi wakaja, damu ikamwagika, na watu wengi wakatiwa gerezani. Tena chama chenyewe kikavunjwa mwaka ule ule, na makuli wakakaa miaka kadhaa bila ya chama bandarini. Tazameni basi matokeo yake: waliovunja mgomo walipata kipigo, waliowapiga walipata kifungo, na wote pamoja walipoteza chama ambacho kingewasemea. Mkono uliomwinukia mwenziwe ndio uliompa mtawala sababu aliyokuwa akiitafuta.

Na tusidhani ya kwamba haya ni ya Waafrika peke yao. Huko Uingereza wachimba makaa waligoma tangu Machi 1984 hata Machi 1985. Wengi wa Nottinghamshire waliendelea na kazi, wakidai ya kwamba haikupigwa kura ya nchi nzima, na mwaka 1985 wakajitenga wakafanya chama chao mbali. Katika Wales, Novemba 1984, dereva wa teksi aliyekuwa akimpeleka mchimbaji mmoja kazini aliuawa kwa tofali la saruji lililoangushwa juu ya gari lake kutoka darajani. Dereva yule hakuwa mgomaji wala mchimbaji. Alikuwa akitafuta riziki yake. Na katika vijiji vya huko wako ndugu waliokaa miaka mingi bila ya kusemezana kwa sababu mmoja aliingia shimoni na mwingine akabaki nje.

Ama kwa upande wa sheria, mataifa hayakukubaliana. Huko Marekani Mahakama Kuu iliamua mwaka 1967 ya kwamba chama chaweza kumtoza faini mwanachama wake aliyevunja mgomo halali. Mwaka 1972 ikaongeza ya kwamba aliyejiuzulu kwanza katika chama, kisha akaingia kazini, hatozwi kitu, na mwaka 1985 ikathibitisha ya kwamba chama hakiwezi kumzuia mtu asijiuzulu. Uingereza imeshika njia nyingine, kwani tangu sheria ya mwaka 1988 chama hakiruhusiwi kumwadhibu mwanachama kwa kukataa kugoma, hata kama kura ilipigwa na wengi wakakubali.

Na kwetu je? Sheria ya mwaka 1962 iliibana migomo hata ikawa karibu haiwezekani, na ajabu ni kwamba Waziri Mkuu wa mwaka ule alikuwa Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama, TFL, lilipoanzishwa mwaka 1955. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa, kikabaki chama kimoja, NUTA. Sheria tuliyo nayo sasa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo humpa mfanyakazi haki ya kugoma, lakini kwa masharti. Sharti mgogoro uwe wa maslahi. Upelekwe kwanza kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 za usuluhishi zipite bila ya mapatano. Chama kipige kura na wengi wa waliopiga wakubali. Kisha tajiri apewe taarifa ya saa 48. Watu wa maji, umeme, hospitali, zimamoto na uongozaji wa ndege wamewekewa mipaka mikali zaidi, kwa kuwa roho za watu ziko mikononi mwao.

Sheria hiyo imeweka mizani ambayo wengi hawaijui. Imewakataza wagomaji kujipanga mlangoni kuzuia watu, na imewakataza kumfungia tajiri ndani au kumzuia asiingie. Na upande wa pili imemkataza tajiri kuchukua vibarua wa badala katika mgomo ulio halali, wala hawezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kushiriki mgomo huo, ijapokuwa halazimiki kumlipa kwa siku ambazo hakufanya kazi. Kwa hiyo hapa petu anayempiga au kumtisha mwenziwe mlangoni amevunja sheria, hata kama mgomo wenyewe ni wa haki.

Juu ya hayo, sharti mtu auchungue mgomo kabla ya kumhukumu aliyeingia kazini. Walimu wa shule waligoma tarehe 30 Julai 2012, na mwanzoni mwa Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikatamka ya kwamba mgomo ule haukuwa halali, ikawaamuru warudi darasani. Mwalimu aliyebaki akifundisha siku zile huenda aliitwa msaliti. Lakini mbele ya sheria aliyekuwa hatarini ni yule aliyegoma, kwani mgomo usio halali haumkingi mtu na kufukuzwa.

Basi tumjibu nini kijana wetu? Kwa maoni yangu, ajitazame katika nyakati tatu.

Wakati wa kwanza ni kabla ya mgomo. Mwanachama na aisome katiba ya chama chake, ajue adhabu zilizomo na njia ya kukata rufaa. Akiona ya kwamba mgomo haufai, na asimame mkutanoni aseme, kisha apige kura yake ya hapana mchana kweupe. Kunyamaza mkutanoni, kuinua mkono pamoja na wengine, kisha kuingia kazini alfajiri kwa mlango wa nyuma ni jambo baya, kwani ahadi ni deni, na dini yetu imesisitiza mno utimizaji wa ahadi. Kama hawezi kabisa kufuatana nao, na ajiuzulu kwa barua kabla, si baada.

Wakati wa pili ni siku za mgomo wenyewe. Twajua wako wanaoingia kazini si kwa tamaa, ila mtoto ni mgonjwa na kodi ya nyumba imefika. Chama kinachotaka watu wake washikamane na kiweke akiba tangu siku za amani, kiwajue wenye shida, kiwapelekee unga kabla hakijawapelekea lawama. Mwenye njaa haonywi kwa ngumi. Na yule aingiaye naye akumbuke ya kwamba mshahara ukiongezwa, yeye pia ataula. Si uungwana kuvuna shamba ulilokataa kulilima. Hata sheria yetu imeliona jambo hili, kwani yaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale chama kinapomsemea katika mapatano.

Wakati wa tatu, na ndio mrefu, ni baada ya mgomo. Waliogombana mlangoni mwa kiwanda watakutana tena kazini, na katika daladala, na katika safu moja ya Sala. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na katika jambo hili twaona ni kweli: mke wa aliyevunja mgomo hanyang'anywi kazi na mtu, lakini majirani wakimnyima salamu, yeye ndiye abebaye mzigo, na mtoto huitwa mtoto wa msaliti na wenziwe wasiojua hata maana ya neno hilo. Watu wazima hulitamka neno sebuleni kwa siku moja, na mtoto hulichukua chuoni mwaka mzima. Chama na kimwadhibu mwanachama wake kwa katiba, kwa mkutano, na kwa muda uliopimwa. Adhabu isiyokuwa na mwisho huitwa uadui. Kwa hiyo viongozi wa chama na wazee wa mtaa, mgomo ukiisha, na wawakutanishe waliogoma na walioingia, kila mmoja aseme lake, wapeane mikono, na jina lile lisitamkwe tena mbele ya watoto.