Goti Lililovunjika Lugulu

Barabara itokayo Webuye kwenda Kitale hupita Lugulu, na pikipiki huko ni nyingi. Mwana wa jirani yangu, auzaye nguo masokoni, aliangushwa na bodaboda mahali hapo. Hospitali ya misheni ya Friends ikampa huduma ya kwanza, kisha akapelekwa Eldoret kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi. Mamaye alipopata habari hapa pwani alinijia na swali moja: atasujudu tena?

Kichwa cha muundi, ndugu zangu, ni mfano wa sahani mbili zilizotandikwa gegedu, na mfupa wa paja huegemea juu yake. Pigo likiwa kali, sahani hupasuka au hudidimia. Mwaka wa 1979 daktari Joseph Schatzker wa Toronto na wenzake waliigawa mivunjiko hiyo katika aina sita, na za mwisho ndizo nzito.

Mfupa ukipasuka bila kuachana, plasta yaweza kutosha. Vinginevyo mpasuaji huinyanyua sehemu iliyodidimia, huijaza chini yake mfupa uliochukuliwa nyongani, kisha huifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Uvimbe ukiwa mkubwa huhofia ngozi, basi huushika mguu kwa vyuma vya nje akangojea wiki moja au mbili. Jamaa wasidhani wamepuuzwa. Litishalo ni jingine: maumivu yanayozidi kila saa, mguu kukakamaa kama ubao, vidole kufa ganzi. Hilo halingojei asubuhi, na kumfunga mgonjwa huyo vijiti na kamba kwa muunga mifupa kwaweza kuupoteza mguu wote.

Baadaye huja kazi ya subira. Goti hukunjwa mapema ili lisigande, lakini mguu haubebeshwi uzito wote kwa wiki 6 hadi 12, na hapa vijana wengi hutupa magongo kabla ya wakati. Mfupa huunga kwa miezi mitatu au minne. Nguvu za paja huchelewa zaidi, na wengine gegedu lao hulika miaka ya mbele. Kukaa kitini hutaka goti likunjike nyuzi 90 hivi. Kikao cha tahiyatu hutaka zaidi ya 130, na si wote wafikao.

Nilimwambia mama yule kweli: huenda atasujudu, huenda ataswali kitini, na ujira wake hautapungua. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza nauli ya basi hadi Eldoret ni kiasi gani.